Vidole Viwili Utosini

Mikono yangu imekanda vichwa vingi vya watoto wachanga hapa Buzebazeba kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mtoto akizaliwa na kichwa kilichochongoka, au kimebonyea upande kwa tabu ya kuzaliwa, nilikuwa naitwa. Ninachemsha maji, ninachovya kitambaa, ninakamua, ninakiweka kwanza kwenye shavu langu nipime joto, kisha ninakanda taratibu kutoka kisogoni kuja mbele. Mwisho ninapaka mafuta ya mise, yale meusi yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi. Kazi hiyo nilirithi kwa mama yangu pale Ujiji, naye aliirithi kwa mama yake, wala hakuna kati yetu aliyeisomea. Nilichosomea mimi ni ualimu. Nimefundisha darasa la pili hadi nikastaafu, na wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wana ndevu, wakiniona sokoni bado wanaficha kucha zao.

Nayataja haya mawili, ukandaji na ualimu, kwa sababu yote mawili yaliniumbua kwa mjukuu wangu.

Alizaliwa vizuri. Binti yangu alikuja kujifungulia kwangu kama desturi inavyotaka, mumewe akiwa kwenye boti za mizigo ziwani, wiki moja yupo, wiki mbili hayupo. Kichwa cha mtoto kilikuwa cha mviringo safi, hata nikaona nimenyimwa kazi. Nikakikanda hivyo hivyo, kidogo, kwa kujifurahisha tu. Wiki ya tatu mtoto akashikwa na homa, akakataa titi, na mchana wa siku ya pili akakakamaa mikononi mwa mama yake, macho yamegeuka. Tulifika hospitali mimi nikiwa sina viatu.

Wakasema ni homa ya uti wa mgongo, kwamba vijidudu vimeingia kwenye maji yanayozunguka ubongo. Akachomwa dawa za mshipa kwa wiki tatu. Homa ikaondoka, titi akalirudia, nasi tukaanza kufunga mizigo ya kurudi nyumbani. Ndipo kichwa kikaanza kukua.

Nilikuwa wa kwanza kuona, na nikanyamaza. Hilo naliandika kwa aibu. Kofia ya sufu niliyomfumia ilianza kumbana, nikajiambia nimeifuma vibaya, nikafuma nyingine. Ya pili nayo ilipobana, mishipa ilikuwa imeshajitokeza kwenye paji la uso, na macho yake yalikuwa yanaelekea chini tu, kama ya mtu anayetafuta sindano sakafuni. Muuguzi akazungusha utepe wa kupimia kichwani mwake, akaandika. Kesho yake akarudia, akaandika tena, kisha akaenda kumwita daktari wa upasuaji.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mgeni mkoani kwetu, mfupi, mwenye sauti ndogo. Kwa macho yangu alistahili kuwa bado anasoma. Alinipa shikamoo kabla hajamgusa mtoto, nikamwitikia marahaba, na moyoni nikampa alama sita kati ya kumi.

Alitueleza huku akichora nyuma ya karatasi. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinavyotengeneza maji, na maji hayo kwa kawaida hutiririka, yakatoka, yakanyonywa na mwili. Ule ugonjwa ulikuwa umeziba njia. Maji yanazalishwa, hayatoki, yanasukuma ubongo na mifupa laini ya mtoto. Tiba ya kudumu ipo, akasema, nayo ni mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, mtoto akaishi nao miaka. Lakini maji ya mjukuu wangu yalikuwa bado na ukungu wa ugonjwa. Ukiweka mrija wa kudumu kwenye maji machafu utaziba, au utapeleka uchafu tumboni. Na kukaa tu kusubiri maji yasafike haikuwezekana, kwa sababu kila siku iliyopita ubongo ulikuwa unabanwa.

Kwa hiyo alitaka kufanya operesheni ya muda. Angeweka mrija mfupi, wa urefu wa kidole, kutoka kwenye chumba cha maji hadi chini ya ngozi ya kichwa, na hapo angeitenganisha ngozi na mfupa apate mfuko. Maji yangemwagikia kwenye huo mfuko, mwili ungeyanywa pole pole, nasi tungepata wiki kadhaa za kungoja dawa zifanye kazi yake. Mimi nilielewa upesi, maana kila masika nachimba shimo nyuma ya nyumba lipokee maji ya mvua yasiingie jikoni, mpaka siku nitakapojaliwa kujenga mtaro. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema kuanzia leo atawaeleza akina mama wote kwa shimo langu. Nikamwongezea alama moja.

Operesheni ilikwenda salama. Baada ya siku mbili mfuko ukajaa, na upande wa kulia, juu ya sikio, kukawa na uvimbe laini ukubwa wa nusu chungwa. Nikamwambia binti yangu kwamba tumempeleka mtoto na kichwa kimoja, tumerudishiwa viwili. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu ile homa, akacheka mpaka akalia, na mama wa kitanda cha jirani akalazimika kumshika mtoto.

Siku ya kuruhusiwa daktari alitukalisha ofisini kwake. Alianza na mimi, kwani binti yangu alikuwa ameshanichongea kuhusu kazi ya mikono yangu.

"Bibi," akasema, "kichwa hiki hakikandwi. Hakifungwi kitambaa, hakilaliwi upande huu, hakipakwi mafuta. Mikono mbali kabisa."

Niliitikia kwa mdomo, ndani nikanuna. Nusu ya vichwa vinavyotembea Buzebazeba vimepita mikononi mwangu, leo mtoto wa juzi ananiambia mikono mbali. Daktari aliendelea kueleza mambo mengine. Niliona midomo yake ikisogea, lakini masikio yangu yalikuwa yameshafunga duka. Binti yangu alikuwa amesinzia kwenye kiti, mtoto kifuani, maana tangu operesheni hakuwa amelala akatosheka. Tukapewa karatasi ya maelezo. Nikaikunja mara nne nikaitia kwenye pochi, nayo ikakaa humo pamoja na risiti za zamani na ubani. Mimi niliyekuwa nikiwasimamisha watoto pembeni kwa kutosikiliza hadi mwisho, nilitoka hospitali na nusu ya somo.

Nyumbani nilitii kwa ukaidi. Nimeambiwa mikono mbali, nikaiweka mbali kweli. Wakati wa kumwogesha mtoto nilisimama mlangoni mikono nimeifunga nyuma, natoa maelekezo kama msimamizi wa mtihani. Binti yangu alinibembeleza nimshike angalau miguu. Nikamshika miguu. Majirani walikuja kutazama, kila mmoja na maoni yake, na mmoja akauliza kama huo uvimbe utaota pembe. Nilimpa chai yake nikamwonyesha njia.

Kila jioni binti yangu alipiga picha ya kichwa akaitupia kwenye kundi la ukoo la simu, ili baba wa mtoto aione akifika penye mtandao, na ndugu wa pande zote mbili wafuatilie. Kila wiki tulikwenda kliniki, utepe ukazungushwa, na kichwa kilikuwa kimeacha kukua kwa kasi. Macho yakapanda. Siku moja mtoto alinitazama usoni kwa muda mrefu, akatabasamu, nami nikaenda jikoni kulia kwa raha zangu.

Wiki ya nne, Alhamisi asubuhi, uvimbe ulikuwa umepungua. Ijumaa ukapungua zaidi. Jumamosi ukawa umelala kabisa, ngozi imesinyaa, huwezi kujua kulikuwa na kitu. Sasa niambie, katika maisha yetu haya, uvimbe ukishuka maana yake nini. Jipu likishuka umepona. Shavu la jino likishuka umepona. Sijawahi kusikia mtu akipewa pole kwa sababu uvimbe wake umeshuka. Binti yangu akapiga picha, akaandika kwamba umeshuka wote, na simu ikalia mchana kutwa kwa mikono ya kushukuru.

Bibi mwenzangu, mama mzazi wa baba wa mtoto, alipiga simu kutoka Kalinzi. Huyo ni mkulima wa kahawa, mwanamke wa mipango, na tangu watoto wetu waoane tunapendana kwa kushindana. Akasema arobaini ya mtoto ilipita tukiwa wodini, hakutolewa nje kwa heshima wala hakuombewa na watu. Sasa amepona, basi kesho Jumapili itafanyika. Hakuuliza, alitangaza. Na mimi, badala ya kukumbuka kwamba kuna daktari, nilianza kuhesabu sufuria.

Jumapili saa nne alishuka kwa pikipiki, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma, kahawa kwenye mfuko mapajani, kitambaa cha kichwa hakijasogea hata kidogo pamoja na milima yote ile. Mimi nilikuwa nimetoka mwaloni Kibirizi alfajiri na migebuka iliyotoka majini usiku huo. Nikaipika kwa mawese, kukawa na wali, kukawa na ugali wa muhogo, mikeka ikatandikwa uani. Tukaomba kwa namna zote mbili, ya kwetu na ya Kalinzi, na ya Kalinzi ilikuwa ndefu zaidi kama nilivyotarajia.

Mtoto alikuwa amelala. Alilala wakati wa dua, akalala wakati wa picha, akapita paja hadi paja bila kufumbua jicho. Alitapika mara moja, shangazi mmoja akasema ameshiba. Akatapika tena, shangazi akasema maziwa ya binti yangu ni mazito, na wote tukakubali kwamba ni mazito. Bibi wa Kalinzi akampakata akasifu utulivu wake. "Ego, ndiyo," akasema, "huu ni utulivu wa kwetu. Huyu ni wa ukoo wetu kabisa."

Hapo nikaona wivu. Naukiri huo wivu, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana bila huo nisingesema nipeni mjukuu wangu. Nikamchukua, nikamwegemeza kifuani akiwa ameketi wima, kichwa chake chini ya kidevu changu. Wiki nne nilikuwa sijakigusa. Sahani zilikuwa zinapangwa, kila mtu ana shughuli yake. Nikasema moyoni, kidole kimoja tu, hata Mungu hataona.

Nikaweka viwili, utosini.

Mkandaji anaujua utosi kama mpishi anavyoijua chumvi. Mtoto aliyetulia, ukimketisha, utosi wake huwa laini, umeshuka kidogo, na chini ya kidole unadunda taratibu. Huu haukudunda. Ulikuwa umepanda juu, umekaza kama ngoma. Nikamfumbua jicho kwa kidole gumba. Jicho lilikuwa linatafuta sindano sakafuni.

Nikamwita binti yangu, nikasema kwa sauti ambayo sikuikusudia, "Mtoto hajapona. Utosi umekaza."

Binti yangu akanitazama mikono, si uso. "Mama," akasema, "daktari alikukataza usimguse."

"Najua. Niletee pochi yangu."

Bibi wa Kalinzi alikuwa anasema labda tule kwanza, watu wametoka mbali, tutakwenda baadaye. Nikaitoa ile karatasi kati ya risiti, nikaikunjua mara nne, nikaisoma kwa sauti yangu ya darasani ili mpaka wa nyuma asikie. Iliandikwa kwamba mfuko ukiwa umejaa na ni laini, mrija unafanya kazi. Mfuko ukisinyaa ghafla, mtoto akitapika, au akisinzia kupita kawaida, mrija huenda umeziba, aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Ilikuwa kwa Kiswahili rahisi ambacho mtoto wa darasa la pili angekimaliza bila kukwama. Tulikuwa tumepika wali kusherehekea kuziba kwa mrija.

Bibi wa Kalinzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alitoka barabarani, akasimamisha bajaji kwa mkono mmoja, na akapanda nasi. Njia nzima alimshika binti yangu goti, akisema kwa Kiha "mwana wanje, mwana wanje", yaani mwanangu, na machozi yanamtiririka, nami nikajua kwamba sitamshinda tena kwa lolote na wala sitaki. Migebuka tuliiacha uani na watu wakiitazama.

Daktari alikuja amevaa gauni la Jumapili. Alimpima mtoto, akagusa pale pale nilipogusa, kisha akauliza nani aliyegundua. Nilikuwa tayari kugombezwa. Nikasema ni mimi, nilimgusa, nilikatazwa nikamgusa, na kwamba ile siku nilinuna sikusikiliza nusu ya pili. Nikasema pia lile lililokuwa linanila tangu mwanzo, ambalo hata binti yangu sikuwa nimemwambia. Nilimuuliza kama ugonjwa wenyewe nilimletea mimi kwa kumkanda alipozaliwa.

Aliacha kuandika. "Hapana, bibi," akasema. "Vijidudu hivi haviletwi na kukanda. Wewe hukumletea kitu. Umemleta yeye kwangu, na umemleta mapema."

Nilikaa kwenye benchi la korido nikalia mbele za watu. Bibi wa Kalinzi alinifunika mtandio wake.

Mrija ulikuwa umezibwa na mabaki mazito ya ule ugonjwa. Akauondoa, akaweka mwingine, na kabla jua halijazama nyuma ya ziwa mtoto alikuwa wodini. Kesho yake asubuhi uvimbe ulikuwa umerudi, umejaa, unatikisika kila akinyonya. Sijawahi kufurahia uvimbe namna ile. Binti yangu akapiga picha akaitupia kwenye kundi, na safari hii ilibidi mimi niandike maelezo marefu, aya tatu, ili watu wajue ni lipi la kushukuru.

Siku ya kuruhusiwa daktari alitukalisha tena. Binti yangu safari hii alisimama, asije akasinzia. Daktari akanitazama, akasema kukanda bado hapana. Lakini kila asubuhi, mtoto akiwa macho, ameketi na ametulia, niweke vidole viwili utosini, taratibu, bila kubonyeza, kisha nimtumie ujumbe wa simu. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamrudishia somo lote, neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho, mikono nimeiweka juu ya meza. Alama alizofikia siku hiyo sizitaji, asije akavimba kichwa.

Kila asubuhi nilimtumia neno moja: Laini. Wakati mwingine alijibu kwa moyo mwekundu, wakati mwingine hakujibu kwa kuwa alikuwa na vichwa vya watu wengine. Bibi wa Kalinzi naye alitaka atumiwe, kisha baba wa mtoto, kisha kundi zima. Nikawa kama mtangazaji wa taarifa ya habari, watu wa Kalinzi hawanywi kahawa kabla hawajanisoma.

Wiki zikapita. Maji yalipimwa mara ya kwanza, bado. Mara ya pili, bado kidogo. Mara ya tatu daktari aliinua kichupa dirishani tukaona yanang'aa kama ya kunywa, na majibu ya maabara yakakubali. Akaondoa ule mrija wa muda, akaweka wa kudumu unaokwenda tumboni. Alituambia bila kuficha kwamba safari ni ndefu, kwamba mtoto anaweza kuchelewa kuketi na kutembea, na kwamba mrija huu nao unaweza kuziba siku moja, kwa hiyo macho yasilale. Jicho la kushoto limebaki na makengeza kidogo. Mimi naona linampa uso wa mtu anayejua siri.

Uvimbe ukashuka kwa mara ya pili, maana maji sasa yalikuwa na njia ya tumboni. Siku kumi zilipita tukiutazama kwa mashaka, na hakuna aliyethubutu kupiga picha. Hatimaye bibi wa Kalinzi akapiga simu, na safari hii aliuliza. Nikamuuliza daktari, akasema fanyeni.

Akashuka kwa pikipiki na mkungu wake na kahawa yake. Migebuka ikapikwa kwa mawese, mikeka ikatandikwa mahali pale pale, tukaomba kwa namna zote mbili, na baba wa mtoto alikuwepo. Sufuria zikaletwa katikati. Maji ya kunawa yakapitishwa, lakini hakuna aliyeyagusa. Nilidhani wanangoja mzee fulani, nikageuka kumtafuta. Kumbe wote walikuwa wananitazama mimi.

"Mkwe," bibi wa Kalinzi akasema, "tunakusubiri wewe."

Nikanawa mikono, nikaifuta kwa kanga, nikampokea mjukuu wangu nikamketisha pajani. Alikuwa macho, anapigania kifungo cha gauni langu. Nikaweka vidole viwili. Chini yake palikuwa pameshuka kidogo, panadunda taratibu, bila haraka yoyote.

"Laini," nikasema, na watu wakaanza kunawa.